Ulimwengu Ndani ya Siku Moja ya Mfungo

Mama alikataa kwa neno moja, na mama yangu akikataa kwa neno moja, ujue hana la pili. Nilikuwa nimepata nafasi ya kusoma fizikia ya anga katika chuo kikuu huko Nairobi, nafasi niliyoililia tangu kidato cha pili, na chuo kilitaka jibu kabla ya Idi. Baba alikuwa ametangulia mbele ya haki zamani, kwa hiyo hapakuwa na pa kukata rufaa. Mama akishasema hapana, nyumba nzima inasema hapana, mpaka paka.

Sababu yake niliijua. Binamu yangu mmoja alikwenda kusoma bara, akarudi na miwani na maneno mengi. Siku ya kwanza tu alimkuta bibi yetu juu ya mswala, akamwambia kwamba ulimwengu umejianza wenyewe na kwamba yeye bibi anaongea na dari. Bibi alikunja mswala wake, akaingia chumbani, na kabla ya mwaka kwisha akafariki. Mama anaamini hadi leo kuwa neno lile ndilo lililomwondoa.

"Nami nikupeleke ukasome hayo hayo?" aliniuliza. "Urudi uniambie mimi naongea na dari?"

Hasira zangu ziko karibu, sikatai. Nilibamiza mlango, nikasema maneno ambayo mtu aliyefunga hasemi, na siku ile saumu yangu ikawa njaa tu. Sikulia kwa sababu ya Nairobi. Nairobi nilikuwa siijui. Nililia kwa sababu kulikuwa na jambo kubwa mno limenijaa kifuani, nami sikuwa na mtu wa kumwambia katika mtaa mzima wa Mji wa Kale wa Malindi, ambako kila mtu ana habari za kila mtu ila hana habari za nyota.

Jambo lenyewe lilitoka kwenye kitabu alichoniazima mwalimu wangu wa fizikia. Mwandishi alikuwa amechukua umri wa ulimwengu, ile miaka bilioni kumi na tatu na ushei, akaubana wote ndani ya siku moja. Ulimwengu unaanza saa sita za usiku, na sasa hivi, mimi na wewe tukisoma, ni saa sita ya usiku unaofuata. Kila kilichotokea katikati kina saa yake. Nilipousoma ukurasa ule nilisimama katikati ya chumba peke yangu nikaanza kucheka.

Nikamfuata mama jikoni. Alikuwa anakanda unga wa mahamri.

"Mama, tuseme ulimwengu ulianza saa sita za usiku..."

"Siku gani hiyo inaanza saa sita za usiku?"

"Ya kwenye kitabu."

"Mwambie mwenye kitabu akalale. Siku yaanza jua likitua. Mwezi wa Ramadhani waingia lini, si magharibi? Kesho Alhamisi jua likitua, usiku wake twauita usiku wa nini? Si wa Ijumaa?" Akaupiga unga kofi. "Saa sita za usiku hakuanzi kitu. Hata majogoo wanajua."

Niliondoka nimenuna. Kumbe nilikuwa nimepewa zawadi na sijui. Wakati wa daku, nikiwa na kikombe cha chai mkononi na usingizi machoni, ikanijia. Mama alikuwa amesema kweli! Hakuna aliyemlazimisha mtu kuanza saa sita. Siku ya ulimwengu unaweza kuianza popote, mradi ni siku nzima. Ianze magharibi. Na saa yetu ya Kiswahili inahesabu hivyo hivyo: saa moja ya usiku ni saa moja tangu siku izaliwe, saa mbili ni mbili. Babu zetu walikuwa wametengeneza saa ya kuhesabia ulimwengu, wakaitumia kuuzia samaki. Nilichora namba kwa kidole juu ya meza, nikazihamisha zote, na nilipofika mwisho nikaona binadamu anaangukia wapi, chai yote ikanimwagikia mapajani.

Ramadhani. Magharibi. Nilitaka kupiga kelele mtaa uamke.

"Mama, nipe siku moja," nilimwambia asubuhi, kwa adabu iliyomtia wasiwasi. "Kuanzia adhana ya magharibi ya leo mpaka ya kesho. Nitakwambia ulimwengu ulivyokuwa, kila kitu kwa wakati wake. Ukisikia kufuru hata moja, sitaitaja Nairobi tena mpaka nife."

Alinitazama. Mama anapenda hadithi kuliko anavyopenda kukiri. "Na viazi?"

"Nitamenya."

"Vyote?"

"Vyote, Mama."

"Haya."

Jioni ile adhana ilipoanza nilikuwa nimekaa mbele yake mkekani, moyo unanienda mbio. Tulikuwa watatu: mama, mimi, na mama mmoja wa Jilore, jirani yetu, ambaye kila Ramadhani huja kumsaidia mama kukaanga futari za kuuza barazani. Yeye ni Mkristo, lakini hujawahi kumwona akionja hata kaimati moja mbele ya mtu aliyefunga, na mkono wake wa kaimati hauna mfano kuanzia hapa mpaka Kilifi.

"Sasa hivi," nikasema, "ndiyo mwanzo. Kila kitu, nyota zote, bahari, sisi, vimebanwa pamoja mahali padogo, pa moto usiosemeka. Na vinaanza kutanuka. Mama, meza tende yako."

Akameza.

"Kabla tende hiyo haijafika tumboni, nuru imeshaanza safari. Nuru hiyo ingali inasafiri hadi leo. Wenye mitambo wanaipata."

"Hiyo ya tende ya kwanza?" akauliza mama wa Jilore.

"Hiyo hiyo!"

Wanaume wa mtaani hawajarudi msikitini nikawatangazia akina mama nyota za kwanza. Wakati wa Isha lile kundi kubwa la nyota ambamo sisi tumo lilikuwa limeanza kujikusanya. Mama aliondoka kwenda kusali tarawehe bila kusema neno, na mimi nilibaki nimefura, maana nilikuwa nimetarajia aseme lolote, hata "mwongo".

Nilijilaumu usiku kucha kwa kuanza na mambo makubwa. Lakini wakati wa daku, mama, akiwa amenipa mgongo anapasha wali, akauliza kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu: "Na jua? Hata sasa bado?"

Nusura niruke dirishani. "Bado, Mama! Saa kumi usiku na jua halijazaliwa! Usiku wote huu ni kazi ya nyota za kale. Zinapika. Ndani yake ndimo mlimopikwa chuma, chokaa ya mifupa yetu, na pumzi tunazovuta. Zikiiva zinapasuka, zinamwaga, na nyota nyingine zinaokota. Bila usiku huu wote hakuna cha kutengenezea jua letu wala dunia."

"Kwa hiyo kilichokuwa kinangojwa ni mapishi."

"Mapishi."

"Wasikia wewe, mtu wa haraka?" akasema, akaniwekea wali.

Asubuhi mama wa Jilore alipokuja nilimwamkia, "Shikamoo, Mama," na kabla hajamaliza kusema marahaba nikamwonyesha karai lake la chuma, lile jeusi, nikamwambia lilikotoka. Aliligeuza mkononi.

"Hii karai? Hii niliyonunua pale kwa fundi?"

"Chuma chake. Fundi ameligonga tu."

"Na damu yangu pia ina chuma, daktari aliniambia wakati wa mimba ile ya mwisho. Kwa hivyo mimi na karai tu ndugu." Akacheka mpaka akakaa. "Basi si ajabu twaelewana! Kwetu Jilore twaambiwa ni Mulungu ndiye alianza. Kama alianza na karai, ni sawa vile vile."

Nilimtazama mama kwa pembe ya jicho. Alikuwa akitabasamu kwenye viazi.

Saa nne na nusu asubuhi nikatoka uani mbio. "Jua limezaliwa!" nikapiga kelele. Jirani wa ghorofani akatoa kichwa akauliza nani kajifungua. Dunia ilifuata dakika chache nyuma yake, na adhana ya adhuhuri ilipoita, humu duniani mkawa na uhai, kitu kidogo kisichoonekana kwa macho, ndani ya maji. Nikawaambia kuwa kitu hicho hakikuwa na haraka hata kidogo. Alasiri ikaingia, mama akasali, akarudi, na uhai ungali ni vijidudu.

"Mchana kutwa vijidudu!" mama wa Jilore akasikitika. "Hakuna hata mbuzi?"

"Hakuna hata jani."

Ni hapo, tukiwa tunafunga sambusa, mama aliponiuliza swali ambalo nilikuwa nimeliogopa tangu mwanzo. Hakuacha kukunja manda.

"Na kabla ya ile adhana ya kwanza? Kulikuwa na nini?"

"Sijui, Mama."

"Vitabuni je?"

"Hakuna anayejua. Wanabishana hadi leo, kila mmoja na lake. Hicho ndicho kinachonikosesha usingizi! Watu wamefika mpaka mlangoni wakagonga, mlango haujafunguka." Nilikuwa nimesimama, manda imenishika vidoleni. "Nataka niende nikasimame pale mlangoni na mimi."

Mama alichukua manda nyingine. "Binamu yako alisema anajua."

"Binamu yangu alisoma uhasibu, Mama."

Mabega yake yakaanza kutikisika, akaweka sambusa chini, akajifunika uso kwa mtandio na kucheka mpaka machozi. Sikuwahi kumwona akicheka juu ya jambo lile. "Uhasibu!" akawa anarudia. "Mtoto wa watu alisoma uhasibu, akaja kumfundisha mama yangu mwanzo wa mbingu!" Kisha akafuta macho na kuiokota sambusa yake, nami nikajua kilio na kicheko vilikuwa vimetoka mahali pamoja.

Lakini hakusema kwamba niende.

Sasa ikaja saa ya mwisho, na yeyote aliyewahi kuwa jikoni saa ya mwisho ya mfungo anajua ilivyo. Mafuta yanatokota, uji wa pilipili manga unataka kumwagika, wateja wako barazani na mabakuli yao, kila mmoja anadai kuwa alitangulia. Na ndani ya saa hiyo hiyo, wallahi, ndimo wanyama wote walimo! Mwandishi wa kitabu hakuliona hilo, kwa sababu saa yake ya mwisho ilikuwa ni watu wamelala. Mimi nilikuwa nalo mbele ya macho. Sambusa za kwanza zilipotumbukia mafutani nikawatangazia wanyama wa kwanza baharini. Samaki! Mimea ikapanda nchi kavu tukiwa tunageuza viazi karai. Miti ikasimama. Wateja wakaanza kusikiliza na wao. Mzee mmoja aliyekuja kununua bajia akagoma kuondoka mpaka ajue ng'ombe wanaingia lini, nikamwambia avumilie, ng'ombe ni wa mwisho mwisho. Sauti ilinikauka. Nilikuwa na kiu ya siku nzima na sikuisikia.

Barazani kulipokwisha watu, kila mmoja amekimbilia kwake, tukakaa mkekani sisi watatu. Sinia liko katikati. Simu ya mama ilikuwa imelazwa juu ya kifuniko cha sufuria, sauti imefunguliwa, kwa kuwa khalati wangu, dada yake mkubwa aliyeko Lamu, humpigia kila siku saa hiyo, wakawa wanafuturu pamoja kwa mbali. Khalati alikuwa anasikiliza na yeye. Mama alikuwa ameshaishika tende yake, macho kwangu, nami niko kwenye wale wanyama wakubwa kupita nyumba, waliotawala dunia kisha jiwe kutoka angani likawaangukia.

"Wote?" akauliza mama.

"Wale wakubwa wote. Moshi ukafunika jua. Na waliobaki wadogo wadogo, waliojificha mashimoni, ndio walio..."

Adhana ikalia.

Ililia kwa nguvu pale pale sinia lilipo. Mama, mdomo umeshafunguka kwa mshangao wa hadithi, akasoma dua yake haraka na kupeleka tende kinywani.

"Bado, Mama! Hiyo ni ya Lamu!"

Nilimpiga mkono. Nampiga mama yangu mkono, mimi! Tende ikaruka ikaangukia kwenye uji. Simu ikauliza, "Kuna nini huko? Kuna nini?" Adhana ya msikiti wa khalati ikaendelea kutoka juu ya kifuniko cha sufuria, na nje, mtaani kwetu, kimya kabisa.

Mama aligeuka rangi. Kwa maisha yake yote ya kufunga hajawahi kufungua kabla ya wakati. Hata akiwa na homa hapendi kusikia habari ya kufungua. Alizaliwa Lamu, na anajua kabla sijazaliwa kwamba kwao jua hutua kabla ya kwetu, kwa kuwa wako mashariki yetu kidogo na dunia inajizungusha. Dakika tatu hivi. Anajua, na kila siku huisikia adhana ile ya simu na kungoja ya kwetu. Siku ile alisahau.

"Nilikuwa nakusikiliza wewe," akasema polepole. Hakuwa ananilaumu. Alikuwa kama anajieleza mwenyewe jambo asiloliamini. "Nilisahau mji nilioko."

"Nisamehe, Mama."

"Dakika tatu," akasema. "Kwa hesabu yako hiyo, ni kiasi gani?"

"Karibu miaka milioni thelathini."

"Na sisi?"

"Hatupo. Hatujazaliwa."

"Usiniletee nyani."

"Sijasema nyani, Mama. Nimesema hatujazaliwa."

"Na baba yetu wa kwanza na mama yetu wa kwanza? Wanaingia lini?"

"Ngoja," nikamwambia. "Ngoja, nitakuonyesha."

Akachukua tende nyingine. Mama wa Jilore, ambaye hakuwa amefunga, akachukua ya kwake na yeye akaishika, hakuila. Tukangoja watatu. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na sijawahi kuogopa kama vile. Nje mtu mmoja alipita na ndoo, akapotea. Kipaza sauti cha msikiti wetu kikakwaruza. Muadhini akakohoa, kisha tukamsikia anavuta pumzi kabla ya neno la kwanza.

"Pumzi hiyo!" nikasema. "Humo, Mama! Ndani ya pumzi hiyo ndimo tulimo watu wote. Baba wa kwanza na mama wa kwanza, manabii, wafalme, Baba, Bibi, vita vyote, vitabu vyote. Kila mtu aliyewahi kuishi. Hajafika neno la kwanza bado."

Neno la kwanza likatoka.

Hakuna aliyekula. Mama alikuwa amefumba macho, na midomo yake inasema kitu ambacho sikukisikia. Kisha akala tende yake, akanywa maji, akanipa na mimi kikombe kwa mkono wake, jambo ambalo hajafanya tangu nilipokuwa mtoto mdogo. Mama wa Jilore alikuwa anafuta macho na kusema ni moshi. Nami nilikuwa nimekwisha. Sikuwa na hoja tena. Nilichokuwa nacho chote nilikuwa nimekitoa, na nilijua kwamba kama atasema hapana sasa, nitaipokea hiyo hapana na kuosha masufuria.

Mama aligeuzageuza kokwa ya tende mkononi.

"Huko Nairobi," akasema, "magharibi waadhini saa ngapi?"

Niliweka kikombe chini. "Wao wako magharibi yetu, Mama. Jua huko huchelewa. Karibu robo saa baada ya hapa."

Nilimwona anazihesabu dakika hizo, macho yake kwenye sinia, kwenye mahali nilipokaa mimi. Alipozungumza, alizungumza kwa Kiamu chake cha utotoni kule Lamu, ambacho humtoka tu anapoguswa.

"Basi kila siku mimi nitakuwa nishafuturu," akasema, "na mwanangu huko yungali na ndaa."